Mrija Alioukataa Mgombea Wetu

Mwanangu, tangu nikuone umevaa fulana ya chama, nakumbuka siku moja ya kampeni hapa Rungwe Mpya ya Kasulu, enzi vyama vingi vikiwa bado vichanga. Nilikuwa katibu wa tawi, kijana wa suruali iliyopigwa pasi na kichwa kigumu.

Mgombea wetu alikuwa msomi aliyekulia mjini. Ili kumpokea, shangazi yangu Sabina, mjane aliyenilea, alihangaika wiki nzima na pombe ya mtama. Mtungi ukawekwa uani, wazee wakauzunguka. Desturi yetu unaijua: mwenye nyumba huvuta kwanza kwa mrija, mgeni aone hamna sumu, kisha humpa mrija uleule.

Nami niliona aibu. Aibu ya kwetu, mwanangu! Ndani ya gari nilikuwa nimeshamnong'oneza mgombea, "Mheshimiwa, usiguse. Hawa ni watu wa zamani, wananywea mrija mmoja."

Shangazi akavuta, akamnyooshea mrija kwa mikono miwili. Mgombea akanitupia jicho mbele ya wote, akacheka, akainua chupa yake ya maji. Hakuna aliyefoka. Wazee walichukua fimbo zao mmoja mmoja, na hotuba tukaisikiliza sisi wenye fulana.

Tulishindwa vibaya, Kasulu mpaka Kibondo. Wakubwa wakasema ni fitina, wengine wakasingizia mvua. Sisemi mtungi mmoja ulituangusha. Lakini kila mgombea wetu alikuwa na katibu kama mimi wa kumnong'oneza, na watu walituona. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Baada ya matokeo nilikwenda kwa shangazi. "Mwakeye," akanisalimu kwa Kiha, kisha akanitolea kiti cha sebuleni na chai katika kikombe cha wageni.

"Shangazi, mimi ni mwanao," nikamwambia.

"Mwanangu angejua ninavyopokea watu," akajibu taratibu. "Yule mgombea hanijui, simlaumu. Wewe ndiye uliyeniona nina sumu."

Miaka yote iliyobaki alininywesha katika kikombe kile. Kila mara nilisema nitamwomba radhi vizuri, nikitulia. Akafariki nikiwa Kigoma mjini, kwenye mkutano wa chama. Majuto ni mjukuu. Mpaka leo mtama ukianza kuiva ninatamani mno angekuwapo, walau aniite uani anigombeze.

Basi sikia. Ukiwapeleka wageni kwa watu wako, wafundishe kwanza kusalimia na kuketi nao. Usiwaonee watu wako aibu ukadhani unawasaidia wageni. Mkataa kwao mtumwa, hata akivaa tai. Kura ukiikosa, miaka mitano si mingi, utaiomba tena. Aliyekulea haombwi tena akishaondoka. Kama yupo uliyemkosea, huo mkutano wako wa leo utakusubiri.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie, akufikishe kwa watu wako wangali hai, wakufungulie mlango wakikuita kwa jina lako.