Jina la Msimamizi wa Mkonge

Jina letu la ukoo ni la Kiayalandi. Babu alilitoa Tanga, kwenye shamba la mkonge, ambako kila kundi la vibarua liliitwa kwa jina la msimamizi wake. Wa kwake alikuwa Mwayalandi mwekundu, aliyewaka ukimwita Mwingereza. Babu akarudi Songea na jina lile, nasi tukazaliwa nalo hapa Msamala.

Nikiwa na mvi tayari, nililitafuta kwenye simu. Kumbe huko kwao ni ukoo wa zamani, na mbele ya jina huwa kuna herufi yenye maana ya "mjukuu wa". Mjukuu wa nani sasa? Sisi ni wajukuu wa kibarua.

Kisha binti yangu akaniletea mchumba kutoka Tunduru, mwenye jina hilohilo.

Dini hazikunisumbua, wenyewe walikuwa wameshaelewana. Lakini kwetu Wangoni watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata vizazi vipite. Shangazi yangu, binti pekee wa babu aliyebaki hai, alinicheka.

"Wewe naye! Kundi zima lilichukua jina la yule mzungu. Wote hao ni ndugu zako?"

Sikuridhika. Babu alikwenda Tanga mara mbili, na safari ya pili alirudi kwa njia ya Tunduru, taratibu mno kwa mtu mwenye mke nyumbani. Kijana akija, macho yangu yalikuwa kwenye masikio yake, nikitafuta ya babu. Nilimuuliza habari za mzee aliyewaachia jina.

"Tulisikia alikwenda kutafuta kazi, mzee, hakurudi."

Alijibu kwa adabu, na adabu yenyewe nikaitilia shaka. Mke wangu aliniambia nimegeuka polisi. Shangazi akasema wanaume waliokwenda kutafuta kazi wasirudi walijaa kusini nzima, na hilo lilikuwa kweli.

Siku ya posa alikuja baba mkubwa wa kijana, mzee mpole mwenye kofia ya kushona. Shangazi alipiga magoti kumnawisha. Mzee akakung'uta vidole, akamshukuru kwa neno moja.

Lilikuwa chibongo chetu.

Chibongo ni jina la sifa la ukoo. Mke humshukuru mumewe kwalo, na watoto hulisikia nyumbani. Msimamizi wa mkonge hakuwa nalo la kumpa mtu.

Shangazi aliweka jagi chini. "Nani kakufundisha hilo, baba?"

"Bibi yetu. Mume wake alipenda kushukuriwa hivyo, basi nasi tunawashukuru hivyo watu wa heshima."

"Hicho ni chibongo cha baba yangu," shangazi akasema polepole.

Miezi yote ile nilikuwa nikitafuta kuthibitisha kwamba mimi si mjinga, na sasa nikatamani niwe mjinga kuliko wote Songea.

Binti yangu hakuwa amesikia kitu. Alitoka jikoni na sahani ya kuku, akapiga magoti mbele ya mgeni. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, macho yamemlowa.

"Asante, mwanangu," akasema.

Binti yangu akatabasamu. Alidhani ameshakubaliwa.