Mawese ndani ya Fishi

Mumba wa Kasungami, fundi umeme wa mgodi mmoja mdogo nje ya Lubumbashi, alikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa: mawese. Mulango unalia? Mawese. Mutoto anakohoa? Mawese. Baba yake, mutu wa reli, ndivyo alivyomfundisha, na nani angembishia?

Chini ya shimo kulikuwa na kamera ya kuchunga ukuta uliozuia maji ya mashimo ya zamani. Picha ilipanda kwa waya na kuingia ekrani kupitia fishi, yaani plagi ya chuma, nene kama ngumi, yenye meno madogo madogo ndani. Fishi ile haikuogopa vumbi, matope wala mitikisiko, mradi pete yake ya mpira iwe nzima. Pete ikapasuka. Mpya ikaagizwa, na wapi! Mumba akapakaa mawese ndani ili maji yasiingie, akafunga. Picha ikatoka nzuri, naye akajisifu mpaka bantu wakachoka.

Lakini Lubumbashi mwezi wa sita kuna baridi, jamani! Hata chupa ya mawese jikoni lazima uisogeze kwenye moto wa mbabula ndipo imwagike. Mumba alilijua hilo tangu utoto, ila siku ile halikumjia kichwani. Asubuhi ekrani ilikuwa nyeusi tii.

“Kamera imekufa,” akasema. Akamgeukia Guelor, mume wa binti yake Joëlle, aliyefanya kazi naye. “Bukwe, shuka kidogo uangalie ule ukuta.”

Guelor aliinamisha kichwa. Aliogopa, ilionekana. Lakini baba wa mke wako humkatalii, hata machoni humtazami.

“Eyo, bukwe,” akajibu, akashuka.

Mumba akafungua fishi. Mama yangu! Mawese yalikuwa yameganda, yamekamata vumbi, meno yote yamezibwa. Kumbe kamera ilikuwa nzima! Akakimbilia mdomo wa shimo.

“Guelor! Panda! Panda juu!”

Kule chini kulinguruma, kisha kukanyamaza. Bantu wakatupa kamba, wakaita, wakaivuta. Ikarudi tupu. Mumba akarudi kwenye fishi, akapangusa meno kwa shati, akafunga tena. Ekrani ikawaka.

“Bravo, papa Mumba!” akasema shefu, aliyekuwa anaingia tu.

Picha ilikuwa safi kabisa. Ukuta haupo. Maji matupu, na juu yake kofia ya Guelor inaelea na taa yake. Mumba alitaka kufa pale pale.

Simu ikalia. Ilikuwa Joëlle.

“Papa, Guelor hakulala. Anasema jana alisikia ule ukuta uko nalia. Umuambie asishuke leo, papa. Miye hanisikii, lakini weye hawezi kukukatalia.”