Tone la Mawese kwenye Bunduki ya Baba Mkwe

Nilichaguliwa kwa sababu ya bisibisi. Natengeneza simu kwenye meza ndogo karibu na soko la Nchelenge, na bisibisi zangu sita ndizo mali pekee niliyotoka nayo Kongo, zikiwa mfukoni ndani ya kitambaa siku boti ilipotushusha na tukapelekwa kambi ya wakimbizi ya Kenani. Watu wa hapa wanaamini kwamba mwenye bisibisi ndogo kiasi hicho anaweza kufungua na kufunga kitu chochote. Nimeshaletewa redio, cherehani, na mara moja meno ya bandia. Lakini mke wangu aliponiambia kwamba baba yake anataka nikamchagulie darubini ya bunduki, nilidhani ananitania.

Baba mkwe ni Mzambia wa Kabuta, mwindaji mwenye leseni. Kila mwaka huruhusiwa nyati mmoja, huko porini mbali na ziwa, na nyama yake huigawa nyumba kwa nyumba mpaka yeye mwenyewe anabaki na mifupa. Bunduki yake ni kubwa na nzito, na ina umri mkubwa kuliko mke wangu. Miaka yote alilenga kwa macho matupu, kwa vile vidude viwili vya chuma juu ya mtutu, na miaka yote alitumia risasi moja tu. Kwake kumjeruhi nyati na kumwacha aende ni aibu, tena ni hatari, kwa sababu atakayekutana naye kesho ni mama anayetafuta kuni.

Sasa macho yalikuwa yamechoka. Kidude cha mbele kilikuwa ukungu mtupu. Akasema atajaribu kioo, na kama kwa kioo pia hawezi kutoboa kifuniko cha sufuria kwa hatua themanini, basi ataipeleka bunduki polisi na kukaa kushona nyavu. Mke wangu alinieleza hayo huku akimenya mihogo, lakini kisu kilikuwa kimesimama. Alijua, na mimi nilijua, kwamba yule mzee hajawahi kukaa kushona kitu.

Hakuniambia mwenyewe, kwa sababu yeye na mimi hatukuwa tunazungumza. Hatukugombana. Kwao mkwe na baba mkwe huheshimiana kwa mbali, mpaka siku familia ya mke itakapopika chakula na kumwingiza mkwe rasmi, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Wazee wa upande wangu walibaki ng'ambo ya ziwa, na wengine hawapo tena. Basi ile siku haikufika. Mwaka wa nne nilikuwa bado nakula peke yangu kibarazani, na mzee akitaka kuniambia jambo alimwambia binti yake, hata nikiwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. "Ambia bwana yako," alikuwa akisema kwa Kiswahili cha ng'ambo, akitazama kuku. Mimi nilijibu nikitazama kuku yuleyule.

Nikapanda basi hadi Kitwe, kwenye duka la bunduki ambalo sitalitaja. Muuzaji alikuwa mama mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Nilivutiwa mara moja na darubini ndefu ya bei ndogo iliyokuza mpaka nikasoma bango la ng'ambo ya barabara. Yule mama aliniuliza ni ya bunduki gani. Nilipomwambia, aliichukua kutoka mkononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto wembe.

"Hii lazima uiwekee jicho karibu sana," akasema. "Bunduki ya nyati inarudi nyuma kama punda. Baba mkwe wako atarudi nyumbani na nyusi zimepasuka."

Akanionyesha ya bei ya kati. Ilikuza kidogo tu, mara moja mpaka nne, na niliweza kuona vizuri jicho likiwa mbali nayo upana wa kiganja. Msalaba wake ndani ulikuwa mnene, wa kuonekana hata jioni kwenye kivuli. Ya bei kubwa ilikuwa nzuri pia, lakini alisema tofauti yake mzee hataiona, na pesa inayobaki niiweke kwenye vyuma vya kuishikia: vitako viwili vinavyofungwa juu ya bunduki, na pete mbili za kuikumbatia darubini. Viwe vya chuma hasa, si vile vyepesi. Pete ziwe fupi, ili shavu la mzee lisinyanyuke kutoka mahali lilipozoea. "Kioo kizuri kwenye vyuma vibaya ni hasara tupu," akasema, kisha akarudia jambo moja mara mbili, akininyooshea kidole: skrubu zote nizioshe kwa spiriti, zifungwe kavu.

Nilisikia. Naapa nilisikia.

Nyumbani Kabuta nilitandika gunia, nikaosha skrubu zote kama nilivyoagizwa. Mzee alikaa kwenye kigoda chake, amenigeuzia nusu ya mgongo, na kila nilipoinua kichwa nilimkuta anaangalia mikono yangu. Niliona raha ambayo sijui kuieleza. Kwetu baba yangu alikuwa akikaa hivyohivyo nikifungua redio yake. Nilitaka sana kazi ile iwe nzuri.

Kisha nikazitazama zile skrubu, uchi, zinang'aa, na ziwa liko pale mita mia moja linapuliza unyevu wake. Hapa kila chuma kinaliwa na kutu. Baiskeli za samaki zinaliwa, bati linaliwa. Mama yangu alikuwa akipaka mawese kwenye panga, kwenye mnyororo wa baiskeli, kwenye bawaba za mlango, na kwenye magoti yetu kabla ya kanisa. Kitu unachokipenda hukiachi kikavu. Mke wangu alikuwa na chupa jikoni. Nikachovya kijiti, nikaweka tone moja kwa kila skrubu, na ndani ya pete pia nikapaka kidogo. Nikafunga. Nilijiona fundi kweli.

Tulishatoa taarifa polisi kwamba kutakuwa na risasi za kujaribia. Nyuma ya nyumba, upande wa bara, kuna kichuguu kikubwa, na hapo tukaegemeza kifuniko cha sufuria ya mama mkwe, ambaye alilalamika kwa sauti kutoka nyuma ya jiko, kwa kuwa yeye hata kuonana naye siruhusiwi. Mzee alilala kifudifudi, bunduki juu ya gunia la mchanga. Risasi ya kwanza iligusa ukingo wa kifuniko. Nikarekebisha kidogo vile vizungushio vya darubini. Ya pili ikaenda kushoto, kiganja kizima. Ya tatu ilirusha udongo mbali kabisa, na kifuniko hakikutikisika.

Alikaa. Aliiweka bunduki magotini akaipangusa kwa mkono, ingawa haikuwa na vumbi.

"Ambia bwana yako kioo ni muzuri," alimwambia binti yake. "Alichagua muzuri. Ni macho yangu ndiyo imekufa. Kesho napeleka hii kintu polisi."

Akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba. Nikaichukua bunduki ili nifungue darubini na kuirudisha kwenye boksi. Nilipoishika tu darubini, ikazunguka ndani ya pete zake. Ilizunguka laini, bila kelele. Nikatazama kidole gumba changu, kilikuwa na alama nyekundu ya mawese.

Nitasema ukweli: wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kunyamaza. Mzee alikuwa amekwisha kunisifu, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu nimuoe binti yake, na je, si kweli kwamba macho yake yalikuwa yamechoka? Wazo la pili lilikuwa kumtuma mke wangu. Nikamwonyesha kidole. Alielewa kabla sijamaliza.

"Mwambie baba," nikamwomba.

"Apana," akasema. "Kila siku nabebaka maneno yenu. Hii beba weye mwenyewe."

Nikazunguka nyumba. Nikachuchumaa mbele yake na kupiga makofi taratibu kama wanavyofanya hapa. Hakuniangalia. Kuku hawakuwepo, basi nikayaelekeza macho kwenye miguu yake.

"Baba, macho yako iko muzima. Ni mimi. Nilipaka mafuta mu skrubu. Kioo inatembea."

Nilisikia mitumbwi ikivutwa mchangani kule chini.

"Mafuta gani?" akauliza. Aliniuliza mimi.

"Mawese, baba."

"Sababu ya nini?"

"Ziwa inakula chuma. Niliogopa itakula ya kwako."

Aliushika mkono wangu, akaunusa ule uchafu wa kidole. Nikangoja hasira. Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Banakongo," akasema akifuta macho, "hata bunduki munataka kukaanga."

Asubuhi niliosha kila kitu kwa spiriti, skrubu moja moja, pete, mpaka vitambaa vikaacha kutoka na wekundu. Nilikaza kidogo huku, kidogo kule, kwa kupokezana, na safari hii nilikuwa namtazama usoni kila nikimaliza moja, naye anatikisa kichwa kukubali. Baada ya risasi ya kwanza nikarekebisha. Ya pili ilitoboa kifuniko karibu na kishikio. Ya tatu ilipita pale pale, na tundu likawa kubwa kidogo tu. Mama mkwe alipiga kigelegele nyuma ya jiko, kisha akakumbuka ni kifuniko cha nani, akanyamaza.

Mzee aliifunga bunduki kwenye blanketi lake akaiingiza ndani. Nikaokota bisibisi zangu, nikanawa, nikaenda kukaa kibarazani kwangu kungoja sahani yangu, kama kila siku. Alitoka, akakaa kwenye mkeka, mbele yake bakuli la ubwali, ugali wa hapa, na samaki. Desturi ilikuwa imerudi. Alimtazama binti yake.

"Ambia mutoto yangu akuye tukule," akasema. "Chakula inapola."

Mke wangu alinigeukia ili anifikishie ujumbe, maana ndiyo kazi yake, nami nikiwa hatua tatu tu kutoka pale. Alifungua mdomo, akasema "Baba anasema," akaishia hapo. Hakuwa na haja ya kumaliza. Nilikuwa nimekwisha kusimama.