Mpasuaji na Boksi la Tishu

Daktari mpasuaji hakuweza kutamka "haja kubwa" bila kukohoa kwanza. Mama mgonjwa alishamzoea: mkono ukienda mdomoni, ujue saratani ya kule chini inatajwa. Kucha zake daktari alizikata fupi kama za mtoto wa shule, na vidole havikutulia. Akieleza, chochote kilichopo mezani hugeuka tumbo la mtu. Leo ilikuwa zamu ya boksi la tishu. Alilitoboa kwa kalamu kuonyesha njia ya kwanza ya kutoa uvimbe: hapa kamera, hapa mkasi mrefu, anaushika mwenyewe. Kisha akanyoosha mikono kama dereva wa lori: njia ya pili ni mashine, ina mikono minne, yeye anakaa pembeni anaiendesha. Hapo macho yakamng'aa. Njia ya tatu inapitia kulekule chini. Akakohoa.

"Daktari, hilo boksi limeshakufa," mama akamwambia. "Mimi je? Njia ipi itaniepusha na mfuko wa choo tumboni maisha yangu yote?"

Vidole vikatulia. "Zote zinaondoa uvimbe karibu sawasawa, mama. Ila wako uko chini mno. Nitajitahidi kukuunga utumbo, lakini siwezi kukuahidi."

Mume wa mama alimwahidi kila kitu, mpaka siku mama alipokuta nguo zake zimetupwa nje na mwanamke mwingine yuko jikoni. Mwanamume wa kusema hawezi, huyu ndiye wa kwanza.

"Wewe umezoea ipi?"

"Ya kushika mwenyewe. Mashine bado najifunza."

"Basi nipasue kwa hiyo. Mashine kajifunzie kwa mume wangu. Namba yake ya simu nitakupa."