Konokono wa Baharini Kwenye Dirisha la Maabara

Kwa miaka mingi mwalimu wa baiolojia shuleni kwetu nilikuwa mimi peke yangu, na nilishazoea kupendwa. Kisha akaletwa binti mmoja kutoka chuo cha ualimu, mzaliwa wa pwani, mwenye sauti nzuri na nguo za mitumba zilizomkaa utadhani zimeshonwa kwa ajili yake. Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Morogoro yalikuwa yamejaa vitu tulivyokwisha kuvisahau, na kila mwalimu alikuwa na tuisheni yake. Yangu ilikuwa Mwembesongo, sebuleni kwangu, na jioni wanafunzi walikaa mpaka mlangoni.

Siku aliyorudi kutoka likizo, yule binti alishuka kwenye basi amekumbatia ndoo nyeupe ya plastiki. Ndani mlikuwa na maji ya bahari, jiwe lenye mwani, na konokono mmoja wa baharini asiye na gamba. Alikuwa mdogo, hazidi kucha ya kidole gumba, kijani kama jani la mchicha, na ukingo wake una mstari mweupe. Alikuwa amemwokota kwenye vidimbwi ambavyo bahari huviacha miambani maji yanapotoka. Mimi nilikuwa nimefundisha habari za mnyama wa namna hiyo kwa chaki miaka yote, sijapata kumwona hata siku moja.

Alimhamishia kwenye chupa pana ya pipi, akaiweka dirishani mwa maabara, upande unaotazama Milima ya Uluguru. Wanafunzi wakapanga foleni. Akawaeleza kwamba konokono yule hufyonza utomvu wa mwani na kubaki na ukijani wake mwilini, ndiyo maana anapenda mwanga. Msichana mmoja wa kutoka milimani, ambaye alikuwa hajawahi kuvuka mto Ngerengere, alichovya kidole akakilamba.

"Kumbe kweli yana chumvi!" akasema, akacheka peke yake.

Roho iliniuma. Alikuwa mwanafunzi wangu bora. Wiki ileile akahamia tuisheni ya mwenzangu, na wengine wakamfuata.

Jua la pale dirishani lilikuwa kali, maji yakawa yanapungua. Asubuhi moja nikamkuta yule binti anaongeza maji ya bomba aliyokoroga na kijiko kizima cha chumvi ya jikoni.

"Shikamoo dada. Namwongezea maji, natia na chumvi ili yasipoteze ladha ya bahari."

"Marahaba," nikamjibu.

Nilijua. Maji yanapokauka chumvi haiondoki nayo, inabaki palepale chupani. Alichotakiwa kuongeza ni maji matupu. Kila kijiko kilikuwa kinazidisha ukali. Ilikuwa sentensi moja tu, nami nilikuwa nayo mdomoni. Nikachukua chaki zangu, nikaenda zangu darasani. Kesho yake nikamwona tena na kijiko, na keshokutwa vilevile. Sitazunguka: nilitaka konokono yule afe. Nilitaka chupa ibaki tupu na sebule yangu ijae.

Siku ya sita tulimkuta amejikunja chini ndani ya chupa, ukijani wote umefifia. Yule binti alinifuata ofisini, macho mekundu.

"Dada, wewe umenizidi kusoma. Niambie ukweli, nilikosea wapi?"

Hata hapo nafasi ilikuwepo bado.

"Hukukosea kitu," nikasema. "Hali ya hewa ya huku kwetu haiwafai viumbe wa bahari. Hata ungefanyaje, angekufa tu."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru.

Wanafunzi hawakurudi kwangu. Asubuhi iliyofuata nilipita nje ya darasa lake, nikamsikia anawaambia kwamba maelezo yale ya hali ya hewa ameyapata kwangu, mwalimu wao wa siku nyingi, kwa hiyo wayashike vizuri. Alikuwa ameyaandika ubaoni kwa mwandiko wake mzuri, na darasa zima lilikuwa limeinama, linanakili uongo wangu kwenye madaftari.