Leo Huna Presha

Wifi yangu ndiye aliyempa mume wangu jina la Daktari wa Panya, na jina likashika mtaa mzima.

Hakukosea sana. Kwa miaka kumi na tisa mume wangu amekwenda kazini kupima presha za panya, kwa kipimo kidogo wanachovishwa mkiani kama pete. Anachunguza homoni moja inayotoka kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Homoni hiyo huziamuru figo zishike chumvi, chumvi hushika maji, presha hupanda, na moyo hubaki kusukuma mzigo usioisha. Moyo mzima, ameniambia mara mia mezani, hupenda kuchoma mafuta. Ukielemewa miaka na miaka hubadili chakula, hukimbilia sukari, na nguvu zikaupungukia. Mimi humjibu, "Baba watoto, chakula kinapoa."

Wifi alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, mume wangu alikuwa darasa la pili. Dada mtu akaacha shule, akashona sare za watoto wa wenzake ili mdogo wake avae yake. Mimi na yeye tulitaniana tangu nilipoolewa: yeye akidai nimemwibia mtoto, mimi nikidai amenipa kiporo.

Alikuwa na presha. Kwa kumwogopa mdogo wake alimeza kidonge kila asubuhi miaka minne. Jumapili moja alikuja kwetu, mume wangu akamfunga mkanda wa kipimo mkononi, akasoma, akatabasamu.

"Dada, leo huna presha kabisa."

Nilikuwepo, namenya viazi, na sikuona kosa lolote. Kwa mtu wa maabara, neno "leo" ndilo lililobeba sentensi nzima. Wifi alisikia mengine yote isipokuwa hilo.

Miezi saba baadaye alikuja akihema kama aliyepanda mlima, miguu imevimba hadi viatu havimwingii. Mume wangu akamuuliza kuhusu vidonge.

"Vidonge vya nini? Si ulinipima mwenyewe ukasema sina presha? Nikampa jirani, yeye anayo."

Mume wangu akakaa chini. "Dada, hukuwa nayo kwa sababu ya vidonge."

"Sasa si ungesema hivyo? Mimi nimesomea cherehani."

Nilikasirika. Nilimkasirikia wifi kwa kujifanya amepona, jirani kwa kupokea dawa ya mtu, na mume wangu kwa ulimi wake. Nilimwambia hivyo, tena kwa ukali, na natamani nisingesema. Tangu siku hiyo chakula hakikupoa tena mezani, kwa sababu hakuwa akizungumza.

Wodini alikolazwa wifi, daktari wa zamu alikuwa mwanafunzi wa zamani wa mume wangu. Alimweleza kwa heshima, "Mwalimu, moyo umetanuka, hausukumi. Na figo zimeanza kugoma." Mume wangu akamtajia dawa hii, akamtajia ile. "Tumeshampa, mwalimu." Ilikuwepo moja zaidi, ile wanayoijaribu kule maabara, na panya kumi na wawili kati ya ishirini walikuwa hai kwa sababu yake. Lakini wifi yangu si panya. Watu husema mganga hajigangi. Mimi naongeza, wala dada yake.

Agizo kubwa lilikuwa la maji. Glasi tatu tu kutwa, tena za kupimwa, maana mwili ulikuwa umejaa maji na mapafu yalikuwa yanazama. Aliyekabidhiwa kulisimamia ni mume wangu. Siku tisa alikaa pale na kikombe chenye mistari, akiandika kila tone. Wifi alimwomba, akambembeleza, akamgombeza kama mtoto.

"Mimi nilikunyima nini?"

Mume wangu alimlowesha midomo kwa pamba, kisha akageukia dirishani. Alijua kila mlango ambao homoni ile inaugonga ndani ya mwili wa dada yake, na hakuweza kufunga hata mmoja. Nami nilikuwa nimesimama nyuma yake na kikapu mkononi, sina hata huo ujuzi.

Siku ya kumi, alasiri, daktari wa zamu alimwita nje, wakazungumza kidogo; nilisikia tu, "Dawa zote zimeshindwa, mwalimu." Mume wangu akarudi, akaketi. Wifi akafumbua macho.

"Maji, mdogo wangu."

Nikachukua kile kikombe chenye mistari nimpe. Mume wangu akakisogeza pembeni. Akachukua glasi ya kawaida, akaijaza hadi juu, akamwinua dada yake kichwa.

"Kunywa, dada," akasema. "Kunywa tu."

Wifi akanywa yote. Akaniambia nimepata mume mwenye huruma, kisha akaomba nyingine, naye akampa.