Mnazi wa Ndani ya Ukuta

Kwenye geti jipya la Kimbiji wameandika Hasienda. Mlinzi ananieleza kwamba ni Kihispania, maana yake shamba kubwa la ng'ombe la bwana mmoja. Sikuhitaji kuelezwa. Harufu ya mavi ya ng'ombe na nyasi zilizolowa imeshanieleza.

Nilipokuwa mtoto, shamba hili halikuwa na jina. Bibi yangu aliruhusiwa kulima pembeni mwake, mihogo tu na kunde. Miti ilikatazwa, maana aliyepanda mnazi hafukuziki kirahisi.

Asubuhi moja kitovu cha mdogo wangu kilidondoka. Bibi alikifunga kwenye kipande cha kanga, akanipa jembe nichimbe. Mchanga ulikuwa wa baridi vidoleni. Tulikuwa tunaushindilia mche wa mnazi pale msimamizi wa shamba alipotokea nyuma ya ng'ombe wake.

"Bi mkubwa, amri unaijua. Mnazi hapana. Ng'oa."

"Chini yake nimezika kitovu cha mjukuu wangu," Bibi akasema, akijipangusa mikono. "Amri ni yako, ng'oa wewe. Mie nakutazama."

Msimamizi naye alikuwa mtu wa pwani. Kitovu chake nacho kilizikwa chini ya mnazi mahali fulani. Aliinama, akaushika mche, akauachia. Akawachapa ng'ombe bure, akaenda zake.

"Dada, unamtafuta nani humu?" mlinzi ananiuliza.

Namwonyesha mnazi unaochungulia juu ya ukuta.

"Simtafuti mtu. Nimekuja kuangua nazi zetu. Fungua."